Muulize Fundi: Muuzaji ameapa mbao ni kavu

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na swali moja: tunataka sakafu ya mbao, tuchague mti gani? Naona watu wameanza kuchoka na vigae. Kwangu ni heri, maana kazi hii ndiyo iliyonisomeshea watoto, kwanza nikizipanga mbao kwa madaraja ya ubora kwenye kiwanda cha kupasua magogo hapa Tanga, kisha kwenye karakana yangu mwenyewe. Lakini anayengoja nitaje mti mmoja aende akaununue, leo tutakosana. Mti gani ni swali la tatu. Kabla yake kuna mawili: ubao una maji kiasi gani, na umepasuliwa upande gani wa gogo. Nimeona mninga wa bei ya kutisha ukivimba hadi mlango haufunguki, na nimeona mkaratusi wa kijijini ukitulia miaka na miaka kwa kuwa mwenyewe alikuwa na subira.

Barua nimezipunguza. Salamu zenu zimefika.

Fundi, shikamoo. Tunamalizia nyumba Mbezi, vyumba vitatu na sebule. Mume wangu anataka mninga, kaka yake anasema mvule ndio mbao ya watu wenye akili, na muuzaji wa Buguruni ana mzigo anaosema umekaa mwaka mzima na ni mkavu kabisa, kaapa mpaka kwa mama yake. Jamvi la zege lilimwagwa miezi miwili iliyopita. Tuchukue upi, na tuanze lini?
*Mwenye nyumba, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Mumeo na shemejio wote wana haki, wapatanishe. Mninga una sifa inayoupita uzuri wake wa rangi: husinyaa kidogo sana ukikauka, na masika yakija hufura kidogo sana. Ndiyo maana mlango wa mninga haukwami mwezi wa nne. Mvule nao mchwa hawaupendi. Ukipasuliwa huwa wa manjano, na kadiri unavyopigwa na mwanga unageuka kahawia, kwa hiyo rangi ya dukani isikutie kichaa. Ila mwaka wa kwanza usitandike zulia juu yake, utakuja kulitoa ukute limeacha kiraka cha mraba katikati ya sebule. Ubaya wa mvule anaujua anayeupasua: ndani ya gogo hukaa vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Siku ya kupiga msasa watoto walale kwa bibi yao.

Anayenipa shaka ni muuzaji wenu. Mwaka mzima mbao zimekaa, sawa, zimekaaje? Mbao zilizolaliana bila vijiti vya kuzitenganisha ili hewa ipite hazikauki, zinazeeka tu na maji yake tumboni. Mwambie akuvutie ubao wa katikati ya lundo. Wa juu ndio anaowaonyesha wateja wote.

Kisha kiapo chake kipimeni jikoni. Katisha kipande chembamba cha upana wa vidole viwili, lakini kianzie futi moja na nusu kutoka kichwani mwa ubao, kwa sababu kichwa hukauka mapema na kitakudanganya. Kipime saa hiyohiyo kwa mizani ya gramu, ile ya kupimia vitu vya keki, na uzito uuandike kwa kalamu juu ya kipande chenyewe. Kitie kwenye oveni ya nyuzi 103 hivi, na kila baada ya saa chache kitoe ukipime tena. Uzito utashuka, utashuka, halafu utagoma. Ukigoma, maji yameisha. Tuseme kilianza na gramu 118 kikagomea 100: kilichotoka ni gramu 18, basi ubao ulikuwa na unyevu wa asilimia 18. Kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi mimi nataka 12 hadi 14. Chumba kinachopigwa kiyoyozi kutwa kinataka chini kidogo ya hapo. Mbao ya 18 siikatai, lakini hailipiwi bei ya mbao kavu, na itaendelea kukaa kivulini juu ya vijiti mpaka ishuke. Fundi mwenye kipima unyevu cha pini mbili atakupa jibu palepale bandani. Mwambie tu asichomeke pini kichwani mwa ubao.

Ukiwa hapo bandani, inama uangalie vichwa vya mbao. Utaona mistari ya ukuaji wa mti. Ikiwa imesimama kutoka uso wa chini kwenda uso wa juu, ubao huo utatulia. Ikiwa imelala na kujikunja, utasinyaa upana karibu mara mbili ya mwenzake, na kingo zake zitapenda kuinuka. Hutapata zote zilizosimama, gogo halitoi hivyo. Zilizosimama peleka sebuleni, zilizolala ziende vyumbani na zichanwe nyembamba, inchi 3 badala ya 6. Ubao wenye weupe pembeni ukatae, au weupe wote uondolewe kabla hujalipa. Utaambiwa ni mninga halisi, na ni kweli, lakini weupe wa mninga ni chakula cha bungua. Baada ya muda utaanza kufagia unga laini kila asubuhi bila kujua unatoka wapi.

Sasa jamvi. Miezi miwili bado ni bichi. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, tena hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo jamvi la inchi 4 lipe miezi minne kwa uchache. Halafu lipime: kata nailoni ya mraba wa mita 1, ibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, iache siku mbili. Ukikuta matone ndani ya nailoni, au zege limebadilika rangi likawa jeusi, subiri tena. Likifaulu, bado utandike nailoni nzito ya geji 1000 kabla ya papi, yaani vile vipande vya kupigilia mbao, na kati ya mbao na ukuta iachwe nafasi ya milimita 12 chumba kizima. Skatingi itaificha. Mafundi wengine hubana mbao mpaka ukutani wakijivunia usafi wa kazi. Masika yakija sakafu inainuka katikati ya chumba, na simu ya fundi nayo inakuwa haipatikani.

La mwisho kwako: mninga na mvule ni miti ya serikali kuifuatilia. Dai risiti, dai hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na uangalie alama ya nyundo iliyogongwa kwenye mbao. Mwenye mzigo halali hakasiriki ukimwomba karatasi.

Fundi, habari za kazi. Nilihamia Dodoma na wizara. Nyumba ilipokamilika nilimwita fundi wangu wa Dar, akaja na mbao zake za mtondoro za inchi 6, akazipiga mwezi wa pili, zikashikana hata wembe haupiti. Sasa ni mwezi wa tisa, na kati ya ubao na ubao sarafu inazama ikiwa imesimama. Jirani anasema nimeuziwa mbao mbichi, nimdai. Au nimwite azibe kwa vumbi la mbao na gundi?
*Mtumishi, Dodoma*

Nzuri, ndugu yangu. Kabla hujaenda kumdai, fanya hesabu pamoja nami. Mbao iliyokaa banda la wazi Dar, hata ikiwa na miaka mitano, haishuki sana chini ya asilimia 15 au 16 ya unyevu, kwa sababu hewa yenyewe ya pwani imelowa. Dodoma mwezi wa tisa hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na mbao ya ndani inaweza kushuka hadi 9. Tofauti ni asilimia 7. Mbao ngumu nyingi hupoteza kiasi cha asilimia 0.2 ya upana wake kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka. Mninga na msaji hupoteza chini ya hapo. Ubao wako wa milimita 150 basi umepungua milimita 2 na ushee. Chumba cha mita 4 kina mbao 26 hivi. Jumlisha: zaidi ya sentimita 5 za sakafu yako zimepotelea hewani, na hakuna aliyekuibia.

Fundi wako kosa lake ni haraka. Mbao zingefunguliwa zikakaa ndani ya nyumba hiyohiyo ya Dodoma, juu ya vijiti, madirisha yakifunguliwa na kufungwa kama watu wanaishi humo, wiki sita au nane, na zingepigwa kiangazi badala ya mwezi wa pili mvua zikiwa juu. Na zingekuwa za inchi 3. Zingesinyaa vilevile, lakini kila mwanya ungekuwa nusu ya huo, milimita 1 tu, na milimita 1 macho huizoea. Watu wanapenda ubao mpana kwa sababu unaonekana wa kitajiri. Kwa bara kavu kama huko, ubao mpana una gharama yake.

Kuziba usizibe sasa. Hili nalikazia, maana ndilo litakalokuharibia sakafu kabisa. Leo mbao ziko katika unyonge wake wa mwaka. Ukijaza mianya yote kwa kitu kigumu, mvua za mwezi wa kwanza zikirudi mbao zitafura zikose pa kwenda, zitasukumana, na zitanyanyuka juu na misumari yake. Vumbi na gundi nalo halidumu, litapasuka na kutoka vipandevipande ukifagia. Ngoja mwezi wa tatu, chukua sarafu ileile upite kila mwanya. Ule unaobaki wazi hata wakati wa mvua ndio mwanya wa kudumu. Huo uchongewe kijiti cha mtondoro huohuo, kitiwe gundi upande mmoja tu, upande wa pili uwe huru, kisha kirandwe kiwe sawa na sakafu. Inayojifunga yenyewe wakati wa mvua iache ijifunge.

Bwana Fundi, shikamoo. Shamba la marehemu baba lina minazi mirefu iliyoacha kuzaa. Wachoma matofali wanaitaka kuni. Mtu kaniambia mnazi unatoa mbao za sakafu. Ni kweli au ananipoteza?
*Kijana wa Pangani*

Marahaba. Ni kweli, na wenye matofali waambie wangoje. Mnazi haujajengwa kama mvule au mkangazi. Miti ile ugumu wake uko ndani, weupe laini uko nje. Mnazi ni kinyume: ugumu uko nje, karibu na gome, na zaidi sehemu ya chini ya shina. Mbao ya hapo ikikauka, mita ya ujazo hupita kilo 600, inalingana na msaji na pengine kuuzidi. Ya moyoni mwa shina haifiki 400, ukiikandamiza kwa ukucha inabonyea. Anayekuuzia mbao za mnazi bila kuzitenganisha anakuuzia vitu viwili kwa jina moja.

Kwa hiyo kata magogo ya sehemu ya chini na ya kati ya shina, ncha iache. Pasua ukizunguka nje, utoe mbao za inchi 2 hadi 3 upana, na ile nguzo laini inayobaki katikati ifanye makasha au kuni, hapo ndipo wenye matofali wapate chao. Usiangushe leo ukapasua mwezi ujao. Utomvu wa mnazi una sukari, ukungu unauvamia ndani ya siku chache na mbao inageuka madoadoa meusi. Angusha, pasua, chovya kwenye dawa ya boroni, panga juu ya vijiti. Mwenye msumeno mwambie mapema ni mnazi, aje na meno ya kabaidi, vinginevyo atakuachia kazi nusu. Na usipige msumari bila kutoboa kwanza, utapinda.

Ikishapigwa randa utapenda: rangi ya kahawia yenye vistari vifupi vyeusi, sura usiyoiona kwenye mvule wala mkangazi. Ila haina kinga yake yenyewe dhidi ya mchwa, kwa hiyo dawa na jamvi kavu ni lazima. Na visiki na magogo yaliyobaki shambani usiyaache yaozee hapo. Chonga, wale wadudu wanaotoboa minazi, huzaliana kwenye shina linalooza, kisha wanapanda kwenye minazi michanga ya jirani yako, na hapo ugomvi utakuwa mkubwa kuliko sakafu.

Fundi, hujambo? Tumerithi nyumba ya mzee mtaa wa Kileleshwa, ya kabla ya uhuru. Sakafu ni vibao vidogo vilivyopangwa kimshazari kama ukili wa mkeka. Vingine vimeng'oka, chini kuna lami nyeusi. Mkandarasi anasema hiyo ni takataka, ing'olewe tuweke vigae vya kisasa.
*Ndugu wawili, Nairobi*

Sijambo, wanangu. Mkandarasi atie mikono mfukoni kwanza. Nyumba za Nairobi za wakati ule zilitandikwa mvule, mkangazi na muhugu, na mbao za namna hiyo leo ukizitafuta dukani utarudi mikono mitupu au mfuko mtupu. Chukueni kibao kilichong'oka, mkikwangue kwa kisu upande wa chini, mnuse. Kikitoa harufu nzuri ya manukato na kisu kikipata taabu kuingia, kuna uwezekano mkubwa ni muhugu, mti uleule ambao wachongaji wa Kikamba wanaugombania, wenye mbao nzito na inayovumilia kukanyagwa kuliko karibu yote niliyowahi kuiranda. Sakafu ya muhugu haitupwi.

Pimeni unene wa kibao hichohicho. Kikiwa bado na milimita 10 au zaidi, sakafu itastahimili kusuguliwa upya bila wasiwasi. Lakini kabla ya mashine tafuteni kilichoving'oa. Vibao having'oki vyenyewe baada ya miaka sitini. Kuna bomba linalovuja, au mfereji wa nje umeziba na maji yanapenya chini ya ukuta. Tengenezeni hilo kwanza, mngoje pakauke.

Lami msiisugue kwa mashine, inayeyuka na kuziba msasa. Ikwangueni kwa patasi asubuhi pakiwa na baridi, itabanduka vipande vikavu. Na msibandike vibao kwa gundi yoyote ile ya maji, juu ya lami haishiki. Ombeni ya lami, au mkwangue mpaka zege lionekane. Vibao vilivyopotea msinunue vipya, rangi haitafanana. Ng'oeni vya ndani ya kabati la ukutani au stoo, muweke sebuleni, na stoo ndiyo iwekwe vipya.

Jambo moja linalosahauliwa: sakafu za namna hiyo zilipakwa polishi nyekundu ya kopo kila Jumamosi kwa miongo mizima. Nta hiyo imeingia ndani. Mkipaka vanishi juu yake, itabanduka kabla ya Krismasi. Itolewe kwa tapentaini na sufi ya chuma, mbadilishe vitambaa mpaka kisitoke chekundu, ndipo msasa wa namba 40, kisha 80, kisha 120. Au msipake vanishi kabisa, mrudie polishi. Mzee hakuwa mjinga.

Shikamoo Fundi. Niko Columbus, Ohio. Tumenunua nyumba yetu ya kwanza, chini ni mwaloni. Kila baridi ikiingia mbao zinaachana na kulialia usiku, joto likija zinarudi. Mama kaja kutoka Kigoma, anapiga deki kwa ndoo nzima kila asubuhi na hashauriki. Chumba chake nataka nikibadilishe niweke mninga wa nyumbani, nitume watu wanisafirishie. Unasemaje?
*Msomaji, Ohio*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nyumba. Mbao kuachana majira ya baridi na kurudi majira ya joto ni kawaida, ndivyo sakafu nyingi za huko zinavyoishi. Mashine ya kupasha joto inakausha hewa ya ndani kuliko hata Dodoma niliyoisema juu. Nunua kipima unyevu cha hewa, ni kitu kidogo cha kuweka mezani, na mashine ya kutoa mvuke. Unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 35 na 50, mianya itapungua na kelele zitapungua. Usizidishe: madirisha yakianza kutoa jasho, punguza.

Mama ndiye kazi. Sakafu ya saruji ya Kigoma haijali ndoo, lakini mwaloni maji yanaingia kwenye maungio, upande wa chini unafura wa juu haufuri, na kingo za kila ubao zinainuka. Ukipita miguu mitupu utazihisi. Kumkataza hutaweza, na si adabu. Mnunulie dekio bapa la kitambaa chembamba, umkamulie wewe mwenyewe la kwanza mpaka lisidondoshe tone, na umwonyeshe: ukipitisha, sakafu iwe imekauka ndani ya dakika moja. Mwambie fundi wa Tanga ndiye aliyesema. Pengine mtu wa mbali atasikilizwa.

Kuhusu mninga: mwezi wa Novemba 2022, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Panama zikaamua mninga na jamaa zake wa Afrika, pamoja na mkongo na mkangazi, waingie kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Mbao zilizopasuliwa na mbao za sakafu zimo. Huko Marekani nako, sheria yao ya Lacey tangu ilipopanuliwa mwaka 2008 inamgusa anayeingiza mbao zilizovunwa kinyume na sheria za zilikotoka. Kwa chumba kimoja, karatasi zitakuwa nyingi kuliko mbao. Kisha mninga wako ukifika utakumbana na baridi ileile. Mwache mwaloni, na mama mletee kibao cha mbuzi cha mninga akunie nazi.

Kwa yule wa Morogoro aliyeuliza kwa mstari mmoja kama sebule inaweza kuwekwa mpingo: hapana. Mti mfupi, mara nyingi umepinda, unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na mbao zake hazifiki urefu wa sakafu. Waachie wachongaji wa Kimakonde na watengeneza klarineti.

Fundi, kuna duka hapa Mwanza wanauza mbao za sakafu za kuchomekana, hazihitaji msumari wala gundi, na bei ni nafuu. Ni mbao kweli?
*Mama mwenye saluni, Mwanza*

Inategemea lipi wamekuuzia, kwani humo madukani vinakaa vitu viwili bega kwa bega. Lamineti ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi na kugandishwa juu ya unga wa mbao uliokandamizwa. Kwa saluni tafuta yenye alama ya AC4 au AC5 kwenye boksi, maana hiyo ndiyo inayostahimili kukanyagwa. Lakini saluni ina maji, na lamineti ikilowa kingo zinavimba na hazirudi, wala huwezi kuipiga msasa. Kwako wewe ningesema vigae, na ninasema hivyo mimi muuza mbao.

Cha pili ni mbao za tabaka: juu mbao halisi, chini tabaka zilizobandikwa kwa kupishana ili zisisinyae ovyo. Hizo ni nzuri. Uliza unene wa lile tabaka la juu tu. Milimita 4 utaipiga msasa mara moja au mbili maishani mwake. Milimita 2 au chini, ikichubuka imechubuka.

Mzee, shikamoo, ni jirani yako wa Chumbageni. Nimepiga msaji wa Longuza sebuleni. Nipake vanishi au mafuta?
*Jirani*

Marahaba. Ungebisha hodi tu, lakini kwa kuwa umeandika, na wengine wafaidike.

Msaji una mafuta yake, na hayo ndiyo yanayoulinda. Ndiyo pia yanayofanya vanishi ibanduke. Ukichagua vanishi, chukua ya poliyurethani, na dakika chache kabla ya mkono wa kwanza futa mbao kwa kitambaa chenye thina. Usifute leo ukapaka kesho, mafuta yatakuwa yameshapanda tena. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, ukikauka upitie msasa wa 220, kisha mikono miwili mingine. Inang'aa, maji hayaingii upesi, lakini mchanga wa viatu ukiichubua huwezi kuziba sehemu moja isionekane, itabidi chumba kizima kisuguliwe. Na kwetu mchanga haukosi, kwa hiyo viatu vibaki barazani.

Mafuta ya kitani mimi ndiyo ninayoyapenda. Hayang'ai sana, na kila mwaka utarudia, ila pakichubuka unapaka hapohapo pakapotea. Unapaka kwa kitambaa, unangoja robo saa, unafuta yote yaliyobaki juu. Yakibaki yatanata na kukusanya vumbi.

Sasa nisikilize vizuri, maana una watoto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti, hata usiku wa manane mmelala. Usivifunge kwenye mfuko wala kuvitupa kwenye pipa la taka. Vitandaze nje kimoja kimoja kwenye kamba ya nguo mpaka viwe vikavu na vigumu, au vitie kwenye ndoo ya maji uifunike, kisha ndipo ukaoge.